Sadaka ya Kete Nyeusi

Jumanne, 4 Machi

Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia, mwanangu Bosi alikuwa anatambaa. Leo anakimbia na kijiko changu. Miezi kumi nzima! Sina kisingizio ila usingizi. Kila nikikufungua nilikuwa nalala juu ya ukurasa. Hilo doa hapo juu ni mate yangu ya mwaka jana.

Leo naandika kwa sababu nimekata shauri.

Ilikuwa hivi. Saa sita mchana niliamka kunywa maji, nikamkuta Bosi sebuleni na mdoli wake. Kamlaza chali. Kamfunika taulo mpaka usoni. Mama mkwe akamwuliza huyo ni nani. Bosi akasema, "Mama." Kisha akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha sote, maana mama amelala.

Mama mkwe alicheka hadi akashika mlango. Nami nikacheka. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikakaa huko kidogo.

Ni zamu ya usiku. Naingia kazini saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, nikifika nyumbani macho ni mazito kama shuka lililolowa. Mwanangu ananijua kwa hali mbili: nimelala, au niko mlangoni. Nikisimama tu, hata kama nakwenda jikoni, ananipungia mkono wa kwaheri. Baba yake anajenga barabara huko mbali, anaonekana mwisho wa mwezi, naye hapungiwi kwaheri. Anaporudi, ni sherehe!

Sasa, pale kwetu kwenye ufuaji wa hospitali zamu hazipatikani kwa machozi. Msimamizi hupanga apendavyo kila miezi sita na hapokei maombi. Mtu mmoja tu ndiye huchagua zamu yake mwenyewe: mshindi wa chesi. Msimamizi aliyetangulia ndiye aliyeweka utaratibu huo. Watu walikuwa wakigombania zamu hadi kuvutana nywele, na wiki hiyohiyo seti ya chesi ilikutwa ndani ya furushi la mashuka kutoka wodini. Lilibandikwa tangazo mara tatu, mwenyewe hakutokea. Msimamizi akasema basi, anayetaka zamu aitafute kwa kichwa. Ngome moja nyeupe ilikuwa imepotea. Tunatumia kibiringo cha uzi.

Mashindano yanaanza Alhamisi. Watu wanane. Nataka asubuhi.

Na safari hii nina silaha. Kaka yangu amenitumia kitabu, na seti ndogo ya plastiki ya kufanyia mazoezi.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu hakina jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo. Si kitu. Mtego wangu uko ukurasa wa arobaini. Wenyewe una jina la mtu, Englund. Mimi nauita Sadaka.

Ni wa kete nyeusi. Mweupe akianza kwa kusogeza askari wa malkia nyumba mbili, wewe unamtolea askari wako bure, ale. Anakula. Anafurahi. Anazidi kujilinda vizuri, kila hatua ya busara, na kila hatua ya busara inamwingiza ndani zaidi. Hatua ya nane mfalme wake amekufa, na bado ana kete zake karibu zote, zinamtazama. Nilipousoma mara ya kwanza nilihisi kama nimeokota ufunguo wa nyumba ya mtu.

Kasoro mbili. Ya kwanza, unafanya kazi dhidi ya askari wa malkia tu. Ya pili ndiyo kubwa: unafanya kazi mara moja. Pale kwetu watu wote husimama kuzunguka meza wakati wa mchezo. Ukionekana leo, kesho hata wapika chai wanaujua.

Kwa hiyo swali si namna ya kuucheza. Swali ni lini.

Nimefanya mazoezi na mama mkwe. Yeye mweupe. Nilimwonyesha hatua za kitabu, akazifuata vizuri hadi ya tano. Ya sita akatakiwa kumtoa askofu amwinde malkia wangu. Akakataa. Akamsogeza farasi. Nikamwambia mama, kitabu kinasema askofu. Akasema farasi huyu hajatoka nje tangu asubuhi, mnyama naye anahitaji kunyoosha miguu. Tukarudia. Farasi tena. Mara ya tatu farasi, na malkia wangu akajikuta kona ya mbali bila msaada, analiwa.

Mama mkwe hajui chesi. Nimefuta mazoezi hayo kwenye hesabu.

Bosi alikaa mapajani kwangu dakika ishirini na tano. Nilikuwa macho muda wote. Alimshika askari mweusi akamtia mdomoni, nikamtoa, akamrudisha. Niliposimama kwenda kazini alinipungia mkono kabla sijavaa viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda! Lakini uso unaniwaka kwa hasira.

Michezo inachezwa saa kumi na moja jioni, saa moja kabla ya zamu kupokezana, kwenye chumba cha kukunjia. Nimepangiwa Breki, jamaa wa toroli la nguo safi, anayeitwa hivyo kwa sababu toroli lake halina. Rangi tunachomoa kwa vifungo, kimoja cheusi kimoja cheupe, ndani ya foronya inayoshikwa na Mshonaji. Mshonaji ndiye anayeziba mashuka yaliyochanika. Ni shoga yangu, na kwenye mashindano ni adui kama wengine.

Nikachomoa cheusi. Breki akasogeza askari wa malkia. Nyumba mbili.

Jamani. Siku ya kwanza! Mlango wazi, taa inawaka, mwenyewe ananikaribisha ndani. Mkono wangu ulikwisha kunyanyuka. Kisha nikawaza: kwa Breki? Mtu asiyeweza kusimamisha toroli? Mbele ya Bingwa, mshindi wa msimu uliopita, aliyesimama pale pembeni, kakunja mikono, anatazama kila kete?

Nikashusha mkono. Nikacheza kawaida.

Nusura nishindwe. Breki alinila ngome, akanila farasi, akaanza kupiga mluzi. Kilichoniokoa ni wodi ya wajawazito, ambayo ilipiga simu kuuliza mashuka yako wapi. Msimamizi akamwambia Breki achague, mashuka au chesi, na simu akaiacha hewani ili wodi isikie jibu. Breki akaondoka na toroli. Amehesabiwa amekubali kushindwa.

Mshonaji aliniuliza kwa nini niliganda vile mwanzoni. Nikamwambia nilikuwa nawaza mtoto. Si uongo kamili.

Sadaka ipo salama.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemchunguza Bingwa. Yeye yuko kwenye mashine ya pasi yenye roli mbili. Shuka linaingia limekunjamana, linatoka limenyooka kama karatasi, linafuka mvuke. Ameshinda mara tatu mfululizo na mara tatu amechagua asubuhi. Hana mtoto mdogo. Hana mke wa kumwahi. Nimeuliza ana haraka gani ya jioni. Nimeambiwa anapenda kujipanga kwenye foleni za watu anapokuwa hana shughuli: dukani, kinyozi, popote, apate kuongea. Kwa hilo tu mwanangu ananifunika taulo!

Nimemtazama akimshinda jamaa wa sabuni. Alikuwa mweupe. Alianza na askari wa mfalme.

Nikauliza watu wawili. Wote wamesema Bingwa huanza na askari wa mfalme siku zote, tangu seti itoke kwenye furushi.

Maana yake Sadaka haimgusi. Nimebeba ufunguo wa nyumba ambayo si yake.

Nimeingia zamuni jioni hii bila kuona njia. Lakini sikukata shauri ili nilivunje. Mtu akiwa na desturi, anaweza kubadilishwa desturi. Bosi mwenyewe alikuwa halali bila kuimbiwa, sasa analala bila mimi.

Sentensi hiyo sikuikusudia. Naiacha.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu fainali na Mshonaji. Nilipata kifungo cheupe, kwa hiyo Sadaka haikuhusika, ikapumzika. Tulicheza dakika arobaini. Tulibaki kila mtu na mfalme na askari wawili watatu, tunafukuzana kama kuku. Mwishoni askari wangu mmoja alifika ng'ambo akawa malkia, na Mshonaji akanitazama kama mtu niliyemwibia nguo kwenye kamba.

Akaniambia hongera, bibie. Akaniita bibie! Miaka mitatu ananiita shoga. Kisha nikamwomba mkasi wa kukatia nyuzi, akasema mkasi umelala, usiku una kazi.

Nilimweleza kwamba naitaka asubuhi kwa ajili ya Bosi. Akasema kila mtu hapa ana wake. Yeye magoti yanavimba kwa kusimama usiku, je, magoti si watoto? Nimempelekea chai. Amekunywa bila kunitazama, lakini amekunywa.

Sasa fainali ni Jumanne, mimi na Bingwa. Nahitaji mambo mawili. Moja, nipate kete nyeusi. Mbili, Bingwa aanze na askari wa malkia.

La kwanza nimelishughulikia leo leo. Vifungo vinakaa ndani ya kopo juu ya cherehani. Mshonaji alipokwenda kunawa nilikichukua cheusi, nikakisugua ukingo wake kwenye ngazi ya saruji hadi kikawa na makwaruzo. Vidole vitakijua gizani mwa foronya. Nimejichubua kidole cha shahada. Mtoto hakosi kugharimu.

Jumapili, 9 Machi

La pili nimelishughulikia kwa kalamu.

Nimemwandikia kaka yangu barua ambayo haitamfikia, kwa sababu si ya kwake. Inasema: Kaka, nimefika fainali, namshukuru Mungu, na kwa askari wa mfalme siogopi mtu, nimekariri majibu yote. Ila nakuomba siri hii ifie kwako. Mtu akinianzia na askari wa malkia nimekwisha. Mikono inatetemeka. Naomba Bingwa asijue.

Nimesoma tena na tena. Neno "siri" nimelipigia mstari. Hapo kwenye "mikono inatetemeka" nimetetemesha mwandiko.

Mama mkwe aliniona nikicheka peke yangu, akataka kujua. Nikamsomea. Akauliza kwa nini nisiende tu kwa huyo baba nikamwambia nina mtoto mdogo naomba tubadilishane. Nikamweleza kwamba mambo ya kazini hayaendi hivyo, na kwamba sitaki huruma ya mtu, nataka haki yangu niliyoishinda. Akasema, "Mwanangu, huruma ya bure ni nzuri. Hata mimi naitumia." Kisha akaenda kumwogesha Bosi.

Ila nilimwogesha mimi. Nilimnyang'anya taulo kwa upole, nikasema leo ni zamu yangu. Bosi aliniangalia vile mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia jikoni bila kuulizwa. Lakini tulipofikia sabuni ya kichwani alinishika shingo kwa mikono miwili.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imekabidhiwa. Nilisubiri Bingwa aende kunywa maji, nikaiweka kwenye kiti chake kando ya mashine ya pasi, imekunjwa mara mbili, neno "siri" likichungulia. Nikajificha nyuma ya toroli la magauni ya wagonjwa.

Akarudi. Akaiona. Akaichukua! Akaigeuza huku na huku, akaitia mfukoni. Baadaye nilipopita alikuwa anatabasamu.

Amesoma. Samaki kameza ndoano hadi kwenye mkia.

Sadaka, kaa tayari. Siku yako ni kesho.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, asubuhi ya baada ya yale. Kihesabu ni Jumatano. Lakini mambo ni ya Jumanne, acha yakae kwenye Jumanne yake.

Chumba cha kukunjia kilijaa. Hata watu wa jikoni walikuja, na vifuniko vyao vya nywele. Mshonaji akatoa foronya. Nikanyoosha mkono, msimamizi akaniambia subiri, bingwa aliyepo ndiye anayechomoa kwanza. Hilo sikulijua. Bingwa akatia mkono, akatoa cheupe. Mimi nikabaki na cheusi bila kugusa chochote. Na nilipokitoa kilikuwa kipya, laini kama yai. Mshonaji akanong'ona kwamba kile cha zamani alikikuta kimeliwaliwa na kitu, labda panya, akakitupa.

Si kitu. Nina cheusi!

Bingwa akakaa. Alikuwa ametoka kwenye pasi, miwani imejaa mvuke. Akanyoosha mkono juu ya ubao, ukatangatanga kidogo, ukashuka. Askari wa malkia. Nyumba mbili.

Nikasogeza kiti karibu.

Kila kitu kilikuwa kimetimia. Kete nyeusi. Askari wa malkia. Fainali. Nilichotakiwa ni kumtoa askari mmoja tu. Kidole changu kilichochubuka kilikwisha kumgusa kichwani.

Ndipo Bingwa akatabasamu.

Nikawaza: mbona anatabasamu? Kwa nini imekuwa rahisi hivi? Miaka yote askari wa mfalme, leo ghafla wa malkia, na anacheka. Kasoma barua, akajua ni ya uongo. Mtu anayeacha siri kwenye kiti cha watu ni nani? Kajua kwamba namtaka askari wa malkia. Basi ameniletea, na nyuma yake ana jibu. Huo si mlango wazi. Huo ni mdomo!

Nikamwacha yule askari. Nikamsogeza mwingine, wa heshima, wa kawaida, anayechezwa na kila mtu.

Tulicheza hadi dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Nilijilinda kama mama mwenye nyumba anayezuia mvua kwa sahani. Akanimaliza kwa ngome mbili, moja ya kweli na moja ya kibiringo. Watu wakapiga makofi. Msimamizi akaandika ubaoni: Bingwa, asubuhi, hadi Septemba.

Nikampa mkono. Nikajikaza, nikamwuliza kwa nini leo alianza na askari wa malkia. Akasema hata yeye alishangaa. Miwani ilikuwa na mvuke, haoni, alidhani ameshika wa mfalme. Alipoona amekosea akaona aibu, akatabasamu tu ili watu wasijue.

Nikamwuliza kuhusu karatasi ya kwenye kiti. Akasema karatasi gani, ile aliyoiweka chini ya mguu wa meza? Meza ilikuwa inacheza. Alifurahi kupata ya saizi ile. Hajaisoma, macho yake na mwandiko wa kalamu haviivi.

Nikainama. Ilikuwepo. Neno "siri" lilikuwa limebeba meza ya fainali nzima.

Nilikunja mashuka usiku kucha. Mshonaji alikuja akaniwekea mkasi kando bila kuombwa. Akasema, "Shoga, usilie kwenye mashuka safi." Sikuwa nalia. Ni mvuke.

Lakini tazama upande wa pili: Sadaka haijaonekana. Haijaguswa! Mwanamke mwingine angekuwa amepoteza vyote viwili.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefika kazini mapema, saa kumi na nusu, kwa sababu nilishindwa kulala. Mdoli wa Bosi alikuwa amelazwa mlangoni kwangu, kafunikwa.

Bingwa alikuwa anamalizia zamu. Ameniita. Nadhani Mshonaji ameongea naye, maana alianza kwa kusafisha koo, na Bingwa husafisha koo akiwa na jambo la mtu mwingine mdomoni. Alisema amesikia habari za mtoto. Alisema yeye asubuhi ameizoea, hawezi kuitoa yote, lakini siku mbili kwa wiki anaweza kubadilishana nami, kazi yetu ni chumba kimoja, msimamizi hatakataa. Ila hataki ionekane amenihurumia. Tucheze mchezo mmoja sasa hivi. Nikishinda, siku mbili kila wiki ni zangu hadi Septemba. Nikishindwa, hakuna ubaya.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Walisikia.

Nitaandika nilivyowaza, ili nisije nikabisha baadaye. Niliwaza: jana kanishinda, leo ananipa sadaka. Mimi ndiye mwenye kutoa Sadaka, si mpewaji. Niliwaza pia: mtu hakupi siku mbili bure, lazima kuna kitu nyuma. Nikanyoosha shingo. Nikasema mbele ya wote kwamba nashukuru sana, lakini za kwangu nitazishinda Septemba kwenye mashindano halali, sihitaji kuhurumiwa. Tucheze kirafiki tu, pasiwe na kitu juu ya meza.

Mshonaji akanikanyaga mguu. Nikamwambia aangalie anapokanyaga.

Bingwa akasema haya, bila kitu. Akachukua nyeupe bila kuchomoa vifungo, kwa vile ni kirafiki. Akafuta miwani vizuri. Akaona jana askari wa malkia alimletea bahati, akamsogeza tena. Nyumba mbili.

Nikamtazama yule askari. Nikajiuliza, sasa nakificha nini? Hakuna kilicho juu ya meza. Hakuna cha kupoteza.

Nikatoa Sadaka.

Ee Mola, ulikuwa uzuri! Akala askari. Nikatoa farasi, akatoa farasi. Malkia wangu akasimama mbele ya mfalme wangu kama mlinzi asiye na haraka. Bingwa akamtoa askofu kumlinda askari aliyenila. Malkia akaruka pembeni, akamtishia mfalme. Askofu akarudi mbio kuziba. Malkia akala askari kando ya ngome. Watu wakaguna, wakidhani nimeingiwa na uchu. Hapo Bingwa akatabasamu tabasamu la kweli, akamsogeza askofu amkamate malkia wangu. Askofu, si farasi! Nami nikatoa askofu wangu. Akajikinga kwa malkia. Tukalana maaskofu, malkia wake akatoka nyumbani kwake kunilipiza, na wangu akateleza hadi mstari wa mwisho, kwenye nyumba tupu, karibu na mfalme aliyezungukwa na watu wake wote wakimziba njia.

Hatua nane. Mfalme kafa na viatu vyake miguuni.

Ikawa kelele. Breki alipiga toroli kama ngoma. Watu wa jikoni wakaitana. Msimamizi mwenyewe akaja, akaomba nirudie polepole. Nikarudia. Nikarudia tena kwa waliochelewa. Jamaa wa sabuni akanakili hatua zote nyuma ya fomu ya kupokelea nguo, akaibandika ukutani.

Bingwa alikaa akitazama ubao. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Bosi, hiki jana ulikuwa nacho?"

Nikasema ndiyo.

"Na kwa Breki?"

Nikasema hata kwa Breki.

Akavua miwani, akaifuta tena ingawa haikuwa na kitu.

Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama zile siku mbili bado zipo. Akasema angependa, kweli angependa, lakini nilizikataa mbele ya watu kumi na saba, naye akinipa sasa wataona nimemshinda mara ya pili kwa mdomo. Msimamizi akasema kilichokataliwa mezani hakirudishwi mezani. Mshonaji alinitazama tu, kisha akanikanyaga mguu uleule, taratibu, kwa kukusudia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala kwa saa nne tu na nimeamka kwa hiari. Ndio utaratibu mpya, nimeuamuru mwenyewe: saa sita mchana naamka, liwalo na liwe, saa moja nzima ni ya Bosi. Sitasubiri zamu ya mtu kumwonyesha mwanangu rangi ya macho yangu.

Leo tumeanza. Nilifumbua macho akiwa amesimama kando ya kitanda na taulo mkononi, tayari kunifunika. Nikamwambia, "Mama ameamka." Akafikiri. Akanigusa jicho kwa kidole, kulihakikisha. Kisha akalitupa taulo akapanda kitandani na magoti yake yote juu ya tumbo langu, akanipiga kofi la furaha puani.

Hakunipungia kwaheri hadi saa saba na robo. Nilipokuwa kweli naondoka kurudi kulala.

Mama mkwe alisema, unaona? Kumbe ilikuwa ni kuamka tu. Nikamwambia siyo kuamka tu, mama, ni mkakati. Akasema sawa.

Kuhusu Sadaka, nimefikiri kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa na mtego mmoja tu, na nikautoa mapema mno. Ningeuvumilia hadi Septemba, leo ungekuwa mpya kabisa! Sasa upo ukutani kati ya ratiba ya usafi na namba za zimamoto, na Breki ameshamfanyia mtu wa jikoni. Sirudii tena. Utakaofuata hautaonekana na jicho la mtu kabla ya saa yake, na saa yake nitaijua mimi.

Nimemwandikia kaka, barua ya kweli, na hapa naweka nakala ya vitu ninavyohitaji bado anitumie:

Kitabu kingine, chenye kurasa za mwanzo ikiwezekana. Jalada si lazima.

Mtego mmoja wa kete nyeusi dhidi ya askari wa mfalme, maana sasa Bingwa ameapa harudii wa malkia. Uwe mzuri kuliko Sadaka. Uwe mzuri kiasi kwamba mtu anautunza hadi siku yake.

Askari weusi wawili wa plastiki, wafupi kama ukucha wa kidole gumba. Mmoja ametafunwa kichwa, mwingine tunamsubiri atoke.

Pazia zito la dirisha, mita mbili kwa moja na nusu, rangi yoyote isiyo nyeupe. Nyeupe naziona za kutosha.

Viatu vya Bosi, namba ishirini na mbili. Asinunue ishirini na moja kwa kuwa ni vizuri zaidi.

Na kisanduku kidogo cha bati chenye kufuli, cha kukiweka hicho kitabu. Funguo ziwe mbili, moja ya kutumia, na nyingine niifiche mahali ambapo hata mimi sitaifikia kwa urahisi.